Siku Bibi Alipolia Msiba Wake

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mama yangu alitangaza kwamba atakayevuka geti atamjua yeye ni nani. Basi urafiki wetu ukahamia kwenye ua wa michongoma hapo mtaani kwetu Mfaranyaki: mimi upande huu, rafiki yangu upande wa pili na simu yake mpya, ambayo kwa alivyojidai nayo ungedhani kaiunda mwenyewe.

Siku moja akaandikiwa na mtu asiyemjua. Kuna kundi la masomo ya bure, atume tu tarakimu zilizoingia kwenye simu yake. Akatuma. Yeye huyu, aliyekuwa akiwacheka wazee wanaoambiwa wameshinda zawadi, akatuma, tena akamshukuru tapeli na kumwita kaka. Kufumba na kufumbua, WhatsApp yake ikawa na mwenyewe mwingine.

Mwizi naye alikuwa na adabu kuliko mwenye simu. Kwenye kundi la jumuiya yetu ya kanisani, ambako rafiki yangu hajawahi kuandika hata amina, aliandika kwa uchungu kwamba bibi yake wa Ruhuwiko amefariki alfajiri, raha ya milele umpe ee Bwana, na rambirambi zitumwe kwa namba ifuatayo. Niliyaona kwenye simu ya mama, nikamwita rafiki yangu michongomani. Habari ya simu ikamtoka kabisa. Bibi ana presha, alisema, akisikia watu wanamlilia atakufa kweli, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua.

Nikaandika upesi kundini kwa simu hiyo hiyo ya mama: bibi ni mzima jamani, huyo ni tapeli. Lo, nilishambuliwa! Niliulizwa kama nina hofu ya Mungu. Mmoja akasema hivi ndivyo matapeli wanavyoandika, bila hata salamu. Mwenyekiti akamtoa mama kundini, mama ambaye ndiye mweka hazina wao.

Hapo tukavunja amri ya geti ili tumwahi bibi. Bodaboda alitupakia wote wawili, lakini tulipofika Ruhuwiko akina mama wa jumuiya walikuwa wameshakata kona ya kwa bibi, unga kichwani, kuni kichwani, barakoa kidevuni. Wakaangua kilio.

Bibi alikuwa uani anapeta maharage. Kwetu ukisikia kilio huulizi. Unalia kwanza, maswali baadaye. Akaweka ungo chini, akajifunga kanga kiunoni, akatoka analia kuwashinda wote. Waliokuwa mbele wakanyamaza ghafla. Wa nyuma hawakumwona, wakaendelea, na bibi akaendelea kuwasaidia.

Alipochoka akafuta machozi, akauliza nani ametutoka.

Katekista aliyewaongoza aliutazama unga, akamtazama bibi.

"Shikamoo, mama," akasema. "Tulikuwa tunapita tu, tukasema tukusalimie."

"Marahaba. Mnanisalimia na kuni?"

Rafiki yangu akapiga magoti, akaeleza yote. Mimi nilisimama nikiingoja ile presha ipande. Haikupanda. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe analiliwa vizuri hivi. Kisha kicheko kikamwisha. Akawakumbusha kwamba alipotoka hospitali alikolazwa hakuona mtu hapo kwake, na kila alipouliza aliambiwa Ruhuwiko ni mbali.

"Kumbe njia mnaijua," alisema.

Unga hakumrudishia mtu. Alisonga ugali wa matanga yake mwenyewe, akaunga maharage, akawaamuru waombolezaji wakae wale. Walikula wameinama kama watoto waliochapwa, katekista akiwa wa kwanza kuomba mboga ya kuongeza.

Rafiki yangu hakugusa chakula. Alikuwa anamtazama bibi yake na machozi yanamtiririka, na safari hii hata mimi sikumtania. Bibi akamsogezea sahani.

"Kula, mjukuu wangu. Nikifa kweli sitakuwepo kukupakulia."