Gogo la Msiba wa Baba

Mvua za mwaka ule zilimega ukingo wa korongo nyuma ya shamba letu, nje kidogo ya Bariadi, na chini ya udongo likatokeza gogo. Lilikuwa nene kuliko pipa, lina magome, lina macho ya matawi, hata nyufa zake zilikuwa za mti mkavu. Mama aliliona kabla ya wanawake wenzake. Akafunga fundo la nyasi, akaliweka juu yake na kulikandamiza kwa kokoto. Kwetu kuni yenye fundo haiguswi na mtu mwingine, hata iozee hapo hapo.

"Ng'wanone," aliniambia mimi, binti yake mkubwa, "hili ni letu. Usimwambie baba yako."

Sikuhitaji kuuliza. Baba alikuwa amelala ndani tangu wakati wa kupalilia, tumbo limevimba. Ushirika ulikuwa umekufa, pamba ikawa ya wanunuzi wa soko huria na mizani yao, na hospitali nayo ilikuwa imeanza kutaka wagonjwa wachangie. Ng'ombe wetu wakaenda mnadani mmoja mmoja mpaka zizi likabaki tupu, na baba hakupata nafuu. Mama alikuwa ameshakata tamaa ya kupona kwake. Alichobakiwa nacho ni hofu ya aibu. Msibani wanaume hulala nje wakiota moto, na moto ukizimika kabla ya matanga kuisha, watu husema marehemu hakuwa na mji, yaani kaya ya kuhesabika. Nasi tulikuwa tunapikia vijiti vya pamba na mavi ya ng'ombe wa jirani, maana miti ilikwisha zamani.

Lakini kuni za msiba hazikatwi mgonjwa akiwa bado anapumua. Ni kuyaita mauti. Kwa hiyo mama hakuligusa gogo lile kwa shoka hata kidogo. Alipita tu akienda kisimani, akabadilisha fundo lilipokauka.

Baba alikufa asubuhi moja wakati wa kuvuna. Mama akamwelekeza baba mdogo korongoni, nami nikafuatana naye. Alipopiga, cheche ziliruka na makali ya shoka yakameguka. Akainama, akapapasa kwa muda mrefu.

"Hili ni jiwe, mwanangu," akasema.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu alitueleza. Mti ukifukiwa na tope au majivu ya volkano kabla haujaoza, maji yenye madini huupenya. Mti huondoka punje kwa punje, na jiwe hukaa mahali pake, mpaka magome na duara za ndani zinabaki vilevile ila mti wenyewe haupo. Wenzangu walifurahia somo. Mimi nilichukia kabisa. Maji yale yalikuwa na zama zote za dunia kulitengeneza gogo lile, na sisi tulikuwa na jioni moja.

Siku ile ya msiba, mama alipoambiwa kuwa gogo ni jiwe, hakulia. Alitazama nje, akasema, "Ng'oeni zizi."

Nguzo zile za mgunga baba alizichimbia mwenyewe alipomwoa mama. Ziliwaka vizuri, na moto haukuzimika mpaka matanga yakaisha. Waombolezaji walisema kweli, huyu alikuwa na mji.

Walipotawanyika, mama alisimama kwenye mashimo ya nguzo.

"Sasa hata tukipata ng'ombe," akasema, "atalala wapi?"

Hatukupata.