142857 na Ile Saba

Hii nambari niliipata kwa mkate. Tulikuwa watu saba kwa laini ya kupaki biskuti, Industrial Area hapa Thika, na lunch ilikuwa mkate moja. Nikatoa simu nijue kila mtu anapata kiasi gani: moja gawanya kwa saba. Simu ikaandika 0.142857142857, inarudia hivyo tu bila kuchoka. Nikishangaa, wenzangu wakamaliza mkate.

Jioni, kwa nyumba Kiandutu, nikaanza kuizidisha. 142857 mara mbili: 285714. Ngai! Ni zile zile sita, zimezunguka tu. Mara tatu, 428571. Nne, tano, sita, hakuna mgeni anaingia, hakuna mwenyeji anatoka. Na siri ni kidogo: shika ile saba ya mwisho. Ukiambiwa mara nne, saba mara nne ni ishirini na nane, basi jibu inaisha na nane, na inaanza na ile inafuata nane: 571428. Unasema bila kuandika.

Mimi shule niliachia darasa la nane. Lakini kesho yake nikawaambia, "Chagueni moja mpaka sita, kama dadu," na lunch ikiisha nilikuwa naitwa Prof.

Siri nilipea mtu mmoja tu, beshte yangu wa ploti, rafiki na jirani wa chumba cha pili, ule tunatembea na yeye kazini kila asubuhi. Nilimchorea na kijiti kwa vumbi, kando ya barabara.

"Na mara saba?" akauliza.

"Saba ya nini? Ushaona dadu iko na saba?"

Akacheka. Nikadhani tumecheka pamoja.

Halafu supavaisa wetu, madam mmoja wa Ruiru, akatafuta mtu wa kuhesabu katoni kwa stoo. Kazi ya kukaa, na kalamu. Mgongo yangu iliitaka hiyo kazi kuliko mimi.

"Nasikia kuna Prof hapa."

Nikatoka mbele. Tano? 714285. Tatu? 428571. Anaangalia simu, ananiangalia. Kwa roho nilikuwa nishakaa kwa hiyo kiti.

Beshte akasema pole pole, kama mtu anakupitishia chumvi, "Madam, jaribu saba."

"Haya Prof, saba."

Saba mara saba, arobaini na tisa. Inaisha na tisa. Lakini hiyo nambari haina tisa! Nikaitafuta kama funguo kwa suruali ya jana.

"Madam, hiyo... imekataa."

"Ni 999999," beshte akasema. "Tisa tupu."

Simu ikakubali. Laini yote ikapiga makofi, na kalamu ikaenda kwake.

Tukirudi nikamuuliza, "Ulijua lini?"

"Siku ile ya vumbi. Nilijaribu nikifika tu kwa nyumba."

"Na ukanyamaza?"

"Si ulisema dadu haina saba?"

Sasa mimi nabeba katoni, yeye anaandika. "Leta, Prof, leta." Afadhali angeacha kuniita Prof.

Jumapili nilijaribu nane. 1142856. Nikaona imeharibika. Lakini toa ile moja ya mbele, iongeze kwa ya mwisho: 142857. Imerudi nyumbani! Nikaruka nimgongee, ukuta yetu ni mabati moja tu. Mkono ikafika karibu na mabati, nikakumbuka, nikairudisha.

Nyinyi nimewaambia kwa sababu hamkai kwa ploti yetu.