Mkwe wa Upande wa Pili wa Ukuta

Mama alipokuja London, mwishoni mwa miaka ya tisini, hakuja kutembea. Kwenye maombi ya visa tuliandika kwamba anakuja kunisaidia kulea mtoto, na kweli alinisaidia. Lakini kwetu Bungoma kila mtu alijua ametumwa. Baba wa mtoto wangu alikuwa hajatoa mahari, hajapeleka hata mzee mmoja nyumbani, na Mama alikuja kumpima. Akirudi na kusema ndiyo, kaka zangu wangewapokea wazee wake. Akisema hapana, basi, mimi ni mwanamke aliyezalishwa Ulaya tu, na kwetu nisirudi na huyo mwanamume.

Sasa, atampima vipi? Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawasemeshani. Mahari hakuna, lakini mtoto yuko, kwa hiyo heshima ilikuwa imeshaanza. Niambie, katika fleti ya vyumba viwili pale Edmonton mtafanyaje? Mume wangu akitaka kutoka chumbani, anakohoa kwanza. Mama akisikia kile kikohozi anavuta leso usoni na kukimbilia chumba cha mtoto. Mimi nikawa tarishi wa watu wazima wawili: mwambie chai iko tayari, mwambie mlango wa bafu haufungiki vizuri. Nilichoka!

Angekuwa dereva wa basi, ningelala usingizi. Huyu wangu usiku alipakia mizigo kwenye ghala, na mchana alipiga gitaa la chuma. Si lile la kuning'iniza shingoni. Hili lina miguu kama meza, limelala chali, na chini lina pedali kama za cherehani. Hata magoti yana kazi, yanasukuma vyuma pembeni. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na sauti inapanda na kushuka bila kukatika. Ndiyo ile sauti ya kilio iliyo kwenye nyimbo za kantri, zile za Wamarekani wa kofia pana, ambazo Wakenya tumezipenda tangu redio za wazazi wetu.

Angepiga hivyo tu, nani angemlaumu? Lakini yeye alikuwa mtu wa kujaribujaribu. Leo anapitisha skrubu juu ya nyuzi, kesho uma, keshokutwa kichana changu. Anaweza kuvuta sauti moja mpaka chai ipoe. Kulikuwa na Wazungu wachache waliokaa katika chumba cha chini cha baa moja wakimsikiliza huku wamefumba macho. Sawa, hao ni Wazungu. Mama yangu je?

Mchana nilikuwa kazini, nikihudumia wazee majumbani kwao. Mama alibaki na mtoto, na yale makelele yakipita ukutani. Kila jioni nilimtazama usoni kabla hata sijavua koti.

"Ameshindaje?"

"Nani?"

"Mama, unajua nani."

"Ameshinda," anasema, na kuendelea kukunja nepi.

Ndipo bendi moja ya Wakenya, waliokuwa wakipiga kantri Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa, wakaachwa na mpiga gitaa wao. Wakamwita mume wangu. Nikaruka kwa furaha.

"Utapiga kantri ya kweli," nikamwambia. "Ile ya zamani, vile ilivyo. Mama atakuwepo. Hakuna skrubu, hakuna uma."

"Na kitu kingine kikitaka kutoka?"

"Kifunge mdomo."

Akacheka. Mimi sikucheka. Kiongozi wa bendi, mzee mwenye kofia kubwa kama karai, naye alimwambia vivyo hivyo: "Kijana, hapa watu wanakuja kucheza na wake zao. Usituletee mambo yako."

Siku ile Mama alikaa safu ya mwisho karibu na mlango, ubavu ameelekeza jukwaani, mtoto mapajani. Heshima haikumruhusu kusogea zaidi. Mume wangu akapiga. Jamani, alipiga! Safi, nyoofu, kila kitu mahali pake. Watu walicheza wawili wawili. Nikamgeukia Mama na kumkuta anapiga miayo.

"Mama! Si unasikia anavyopiga?"

"Nasikia. Hata kwenye redio wanapiga hivyo."

Nilitaka kulia.

Ukaja wimbo wa polepole, na katikati yake mtoto akaanza. Alilia ile sauti yake ya juu inayotoboa masikio. Nikanyoosha mikono nimchukue.

"Mwache," Mama akasema.

"Analia!"

"Nimesema mwache."

Jukwaani nikaona mume wangu ameinua kichwa. Usifanye, nikasema moyoni, nakuomba, leo tu, usifanye. Goti lake likasogea. Kile chuma kikauacha wimbo, kikapanda, kikapanda tena, mpaka kikaipata sauti ya mtoto na kukaa juu yake, ikawa huwezi kujua nani analia. Waliokuwa wakicheza wakasimama. Mtu akacheka. Kiongozi wa bendi akageuka na kofia yake, na mimi moyoni nikawaona kaka zangu kule Bungoma wakifunga lango. Kisha gitaa likaanza kushuka, taratibu, likimshusha mtoto pamoja nalo, mpaka likarudi kwenye wimbo. Mtoto akashikwa na kwikwi, akanyonya ngumi, akanyamaza.

Mama alikuwa ametazama jukwaani moja kwa moja, leso imemwangukia mabegani.

"Huyo sasa ndiye," akasema. "Yule wa mwanzo sikumjua."

"Unamjua vipi, Mama?"

"Kila siku ukienda kazini, mtoto akinishinda, yeye humchukua hivyo kwa gitaa, huko upande wa pili wa ukuta, mpaka alale. Wewe unayelala naye hujui? Mimi siwezi hata kumwambia asante." Akapangusa macho. "Mpigie kaka yako mkubwa simu. Mwambie afagie boma, wageni wanakuja."

Nilimkuta mume wangu amepiga magoti, anafungua miguu ya gitaa. Kiongozi wa bendi alikuwa ameshamwambia asirudi tena.

"Nimeharibu," akasema, bila kuniangalia.

"Nimetumwa," nikamwambia. "Mama anasema asante. Na wazee wako wajiandae."

Akafungua mguu wa mwisho. Halafu akabeba gitaa lake kuelekea mlangoni, na kabla ya kufika safu ya mwisho akakohoa. Mama akavuta leso usoni haraka haraka. Nilimsikia ndani ya leso, anacheka.