Fundi Cherehani na Bibi wa Kwenye Simu

Yule mama fundi cherehani hakuamini kitu ambacho hajakigeuza ndani nje. Gauni, shuka, hata wachumba wa binti yake: wote aliwatazama mishono. Basi mjukuu wake wa miaka sita alipoung'ang'ania ule mchezo wa simu wa kulea watu kwenye nyumba ya bandia, mamake mtoto akamtupia fundi mzigo.

"Mama, ukague wewe. Ukisema haumfai mtoto, naufuta leo leo."

Mjukuu akashika pindo la gauni la bibi yake. "Bibi, usikatae. Nakuomba."

"Usinihonge kwa macho," bibi akasema, akavaa miwani.

Akatengeneza mtu wake ndani ya mchezo: mvi kichwani, gauni la maua, na kazi ya ushonaji, maana hataki kulea wavivu. Mjukuu akaweka jiko, kitanda na choo. Bibi akaibwaga cherehani palepale mlangoni pa choo.

"Bibi, atapitaje?"

"Ashone kwanza. Nguo za watu hizo."

Yule bibi wa simu akashona. Alama nyekundu ikawaka juu ya kichwa chake. "Anadeka tu huyo," fundi akasema. Yule wa simu akashona tena. Akapunga mikono, akarukaruka, akajikojolea hadharani, kisha puu! Chini, kifudifudi.

"Masalale!" Fundi nusura aiangushe simu. "Mchezo gani huu wa kuua wazee? Futa! Futa upesi!"

Mjukuu akaangua kilio, kile cha kwikwi hasa. "Si mchezo, bibi! Ni wewe! Humpi chakula, humpi ruhusa ya choo! Na wewe mwenyewe hujala tangu asubuhi. Chai yako ile pale!"

Bibi akageuka. Kweli, kikombe kilikuwa kando ya cherehani yake, chai imepoa mpaka imefanya utando. Na sasa ndipo alipokumbuka kwamba haja ilikuwa imembana tangu saa nne. Aibu ikamshika.

"Haya, mama," binti yake akauliza, "unasemaje?"

"Mtoto unamfaa," bibi akajibu, keshanyanyuka mbio. "Mimi ndiye nisiyefaa. Msiniachie mtu!"

Mjukuu akafuta machozi, akaisogeza cherehani ya kwenye simu, akamzindua yule bibi na kumwelekeza mlangoni pa choo.

"Amefika?" sauti ikauliza kutoka chooni.

"Amefika, bibi!"

"Na mimi pia! Haya, mpashie chai. Na yangu."