Vipande Vinene vya Matobolwa

Masika yakiisha Tabora, majani ya miombo huanza kugeuka rangi, asubuhi huingia baridi kavu, nami miguu huanza kuniwasha. Huenda nimerithi. Babu yangu alikuwa mpagazi, na wapagazi waliondoka majira hayo hayo, mavuno yakiwa ghalani na vijito vimekauka. Njia yao ya zamani ilipita nyuma ya nyumba yetu, ila sasa ilikuwa ya baiskeli zilizobeba asali na tumbaku.

Mwaka huo, Mwingereza angali anatawala, nilirudi kutoka mashamba ya mkonge, na kabla sijamaliza hata mwezi nikasikia kuna kazi bandarini Kigoma. Nikamwambia mama naondoka. Hakubisha. Alisema tu kwamba kwetu mtu hasafiri mikono mitupu. Ataniandalia matobolwa, na yakikauka nipande treni.

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani. Babu alitembea nayo mpaka pwani. Yakikauka vizuri hulia kama vijiti ukiyatikisa. Yakibaki na unyevu huota ukungu, kwa hiyo hakuna mwanamke wa kwetu atakayeyafunga kabla ya wakati wake.

Basi nikangoja. Mwanzoni ilikuwa taabu. Kila asubuhi nilikwenda kwenye jabali alikoyaanika, nikavunja kipande, nikakuta kati bado laini. Upepo ukitoka mjini nilisikia treni ikilia, nikazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa kukosa la kufanya nikaezeka upya paa la ghala. Halafu nikawa nakaa na mama alasiri, tunabambua karanga, jua limelegea, hakuna anayemhimiza mwenzake. Ikafika siku nikasahau kabisa kwenda kwenye jabali.

Dada yangu ndiye aliyekwenda. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka kwa mumewe. Akaokota kipande, akakigeuza, akacheka.

“Mama, haya ni matobolwa au matofali? Mimi ningekata hivi, ungenichapa.”

Mama akajibu kwamba uzee umemharibia macho, siku hizi hakioni vizuri kisu chake. Dada akanitazama, akakirudisha kipande juani. Jana yake tu, macho hayo hayo ya mama yalikuwa yameniona na kunitoa kidoleni mwiba ambao mimi mwenyewe sikuuona.

Nilifika mpaka sekondari, lakini ilinichukua muda wote ule kuelewa kwamba vipande vinene huchelewa kukauka, na kwamba mama alilijua hilo.

Dada alipokwisha kwenda, nilitoka kwenda kwenye jabali. Nikavunja kipande kinene kuliko vyote. Kilikatika kikavu, kwa mlio. Nyuma yangu mama alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi.

“Yamekauka, baba?” akauliza.

“Yamekauka, mama. Lakini nimeyaonja sana, hayanifikishi Kigoma. Tuchemshe mengine.”

Aliingia ndani, akatoka na kapu la viazi, akaweka chungu motoni. Vilipoiva na kupoa akanipa kisu, akaketi kando yangu mkekani.

“Usivikate vyembamba,” akasema.

Sikuvikata vyembamba. Kazi ya Kigoma aliipata mwingine. Nilikuwa ningali naanika mvua za kwanza ziliponikuta pale juu ya jabali, mama naye akatoka, tukakimbia kuanua pamoja.