Pumzi ya Mama Karani

Saa kumi jioni, walimu wengi wameshakwenda zao. Karani wa shule anafunga droo ya mihuri, anabeba chupa yake ya maji ya uvuguvugu na kujikokota hadi chumba kilicho nyuma ya maktaba. Wanafunzi wanne wa timu ya chemsha bongo wanamsubiri, kila mmoja na kengele ndogo ya mezani.

"Shikamoo, Mama Karani."

"Marahaba, wanangu. Leo koo limeamka vibaya."

Nahodha wa timu, msichana mrefu wa kidato cha tatu, ameshamwekea mto kwenye kiti. Mama anakaa, anavaa miwani na kuanza kusoma: "Kiungo gani cha mwili huchuja damu na..." Anavuta pumzi. "...kutengeneza..."

Kengele inalia. "Figo," anajibu nahodha.

Ni sahihi. Lakini mama anashusha karatasi na kusugua macho, wala haonekani kufurahi.

"Umeona?" ananiambia mimi, mgeni niliyekaa pembeni. "Wananisikiliza mimi. Swali lenyewe hawalisikilizi."

Timu hii ilianzishwa miaka ishirini na miwili iliyopita na mwalimu wa jiografia, aliyechoka kuona shule ikishangilia mpira tu. Kengele hazikuwepo. Washindani waligonga chupa za soda kwa vijiko vya kuazima jikoni, na mpishi alisimama mlangoni kila jioni kuhakikisha vinarudi. Katika mashindano ya kwanza walishika mkia.

"Tulirudi mikono mitupu, tukacheka njia nzima," anakumbuka mama. "Kijana mmoja aliulizwa mnyama mkubwa kuliko wote baharini, akajibu kiboko. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na wenzake bado wanamwita Kiboko."

Mwalimu alitaka kushika saa mwenyewe, hivyo alihitaji msomaji. "Akaniambia, maswali umeyachapa wewe, basi yasome. Nikadhani ni ya siku moja."

Mwalimu huyo alistaafu. Waliomfuata walihamishwa, mmoja baada ya mwingine. "Walimu huhamishwa. Karani nani amkumbuke?" anasema, na kicheko chake kinageuka kikohozi. Timu imewahi kuleta ngao mbili. Zote zimo kabatini ofisini kwake, na vumbi lake hulifuta yeye.

Kwa kazi hii ya jioni halipwi kitu. Mshahara ni ule ule wa karani, na sehemu kubwa siku hizi inaishia kwenye dawa za koo. Daktari amemwambia aipumzishe sauti, la sivyo itamtoka kabisa.

Lakini kinachomkosesha usingizi ni jambo jingine. Mwaka jana timu ilitolewa raundi ya kwanza. Wanafunzi walimwambia wapinzani walikuwa wakali, basi. Mwezi uliopita alipouliza tena, nahodha aliangalia chini na kumwambia ukweli.

"Mama, ukikaribia neno lenye jibu, huwa unavuta pumzi. Sisi tumezoea kuingoja. Msomaji wa kule alikwenda moja kwa moja. Tulibaki tumeweka vidole juu ya kengele, tunangoja."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Ungeacha kuja."

Mama anayasimulia haya polepole. "Walikubali kuitwa wazito mbele ya shule nzima ili mimi nisiumie. Siku hiyo nilifika nyumbani nikalala na viatu."

Mashindano ya mwaka huu ni wiki ijayo. Anachotaka ni kimoja: watoto waweze kujibu kwa sauti ya mtu baki. Kwa hiyo leo amemwomba mlinzi wa geti asome. Mlinzi anaingia, kofia mkononi.

"Nisome vipi, mama?"

"Unavyojua, kaka. Usipumzike popote."

"Kupumzika? Mimi ni mlinzi. Sijui hata kunafananaje."

Wanafunzi wanacheka. Mlinzi anasoma mbio mbio, kama anayefukuza mbuzi shambani. Swali la kwanza linapita, kengele kimya. La pili nalo linapita. Vidole vimekauka hewani, na macho yote yamemgeukia mama.

Mama anainuka kwa shida, anageuza kiti na kuwapa mgongo.

"Msomaji ni huyo," anasema. "Mimi sipo."

Mlinzi anaendelea. "Sayari iliyo karibu zaidi na jua, na ambayo ni ndogo kuliko..."

Kengele inalia katikati ya sentensi.

"Zuhura," anasema nahodha.

Mlinzi anatafuta jibu kwa kidole kwenye karatasi. "Hapana, binti. Ni Utaridi."

Wote wanangoja neno la yule aliyewapa mgongo.

"Amekosea," anasema mama bila kugeuka. "Lakini amebonyeza. Soma jingine, kaka."

Wiki ijayo hatakwenda ukumbini. Anaogopa watamtafuta kwa macho. Na mashindano yakiisha, mlinzi akiendelea kukubali, ana mpango wa kuondoka saa wanayoondoka makarani wa shule nyingine.

"Miaka yote hii, nikirudi jioni mume wangu hanisemeshi. Ananiwekea chakula na kunyamaza, anajua sauti nimeiacha shuleni," anasema. "Nataka nifike jua bado lipo. Tukae nje, niongee naye mpaka mmoja wetu asinzie."