Siku Baba Alipotia Pamba Masikioni

Watu husema fulani katia pamba masikioni, na wengi wao hawajapata kuiona pamba yenyewe. Mimi nimeiona. Ilikuwa pamba ya Igunga, bado ina vipande vya mbegu, na mmoja wa walioitia alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa seremala hapa Tabora, mimi mpiga tarumbeta. Kwake hiyo haikuwa kazi, wala haikuwa hata dhambi ya maana. Nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye bendi, naye hajanisikiliza hata siku moja. Nikianza mazoezi nyumbani, alibeba randa yake akaenda kuranda mbao kwa jirani. Iliniuma sana, ila nilijifanya hainihusu.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Kanyenye akakodi bustani ya mji kwa tamasha la bendi nne, Jumapili mchana, kwa kiingilio. Hakuhitaji kujenga uzio. Bustani ilizungukwa na michongoma minene ambayo baba na wenzake waliipanda kwa kujitolea, Jumamosi baada ya Jumamosi, tulipopata uhuru. Mfanyabiashara aliweka meza langoni, basi.

Nilikuwa jukwaani nalainisha midomo niliposikia sauti ya baba huko langoni.

"Michongoma hii nimeipanda mimi, mbuzi wasiingie. Leo mbuzi nimekuwa mimi?"

Nyuma yake walikuwepo wapanda michongoma wenzake, kundi zima, wanasema mali ya umma haina kiingilio. Mmoja akatamka neno "kupe," yaani mnyonyaji. Mwenye tamasha akaanza kutoka jasho, maana siku hizo neno hilo lilitosha kumharibia mtu maisha. Akaitwa mjumbe wa nyumba kumi, mama mmoja aliyependa kuamua kesi hata zisizomhusu. Akasikiliza pande zote mbili, akatoa hukumu.

"Ndugu zangu, bustani ni ya umma, muziki ni wa mwenyewe. Anayetaka bustani aingie bure. Anayetaka muziki alipe."

"Sasa mama, tutawajuaje?" akauliza mwenye tamasha.

"Wa bustani watatia pamba masikioni."

Nilidhani anatania. Fundi magodoro akaleta gunia la pamba.

Basi tukapiga. Upande huu watu wanacheza, vumbi juu. Upande ule wapanda michongoma wamekaa kwenye majani na pamba zao, wanatazama maua kwa bidii. Wakata tiketi wawili walipita katikati yao wakikagua miguu: mguu ukitikisika, kiingilio. Mzee mmoja anayetetemeka kwa maradhi alitozwa mara mbili, mpaka mjumbe akaamuru arudishiwe. Baba alinipa mgongo. Alikaa wima kabisa, uso kaelekeza kwenye michongoma yake.

Ilipofika zamu yangu ya kupiga peke yangu, niliupigia ule mgongo. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilipanda juu mno, sauti ikakatika kama ya jogoo aliyekabwa, nikaiokota huku chini nikaendelea. Wenzangu walicheka. Baba hakugeuka, hata kisogo hakikutikisika. Nilishusha tarumbeta nikiwa na hasira ya kulia, nikamchukia mjumbe, nikaichukia pamba na Igunga yote iliyoilima.

Wimbo ule tulikuwa tunaupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Baada ya siku ile niliufanyia mazoezi mpaka midomo ikavimba, na sikukosea pale tena.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikampelekea baba chai karakanani.

"Shikamoo baba."

Hakunisikia. Alikuwa anaranda mlango, na huku anapiga mluzi. Nikautambua wimbo wetu. Ulipofika pale juu, mluzi ukakatika, ukaanguka, akauokota chini akaendelea bila wasiwasi wowote.

Nilisimama na kikombe mkononi, nimejaa furaha. Badala ya kunyamaza, ujinga ukanishika.

"Baba, pale sivyo unavyokwenda."

Akasimamisha randa, akapuliza maranda yaliyonasa kwenye kisu chake.

"Pale ndivyo," akasema. "Nilikuwepo."